Picha ya Victor na Swara wa Mti

Kaloki wa Gatina, mtaa wa Kawangware jijini Nairobi, alikuwa mtu wa maringo madogo madogo, yale ya kusamehewa. Alivaa kizibao cha mifuko mingi kama cha wapiga picha wa magazeti, na mifukoni humo hamkuwa na kitu ila kitambaa laini cha kufutia kioo na peremende za kuwatulizia watoto. Jumapili alizunguka makanisa ya Kawangware, Jumamosi alikuwa harusini, na siku nyingine alipiga picha za vitambulisho mbele ya shuka la buluu alilolipigilia ukutani kwa misumari. Mkewe na binti yao Ndanu walikuwa kijijini. Ndiyo maana watu wa ploti, wapangaji wenzake wa ua mmoja, walimwita Baba Ndanu, ingawa huyo Ndanu wengi hawakuwahi kumwona.

Alizaliwa Wamunyu, kwa wachonga vinyago. Baba yake alimfundisha kwamba unaweza kukosea mkia, unaweza kukosea kwato, lakini ukikosea jicho tupa kinyago motoni uanze upya. Kaloki alichonga mpaka akaota ndevu, kisha akamwambia mzee anakwenda Nairobi kujifunza kamera. Mzee hakumgombeza. Alimpa sanduku la swara wadogo wa mpingo ambao wanunuzi walikuwa wamewakataa, akamwambia awauze siku atakayokosa chakula. Siku hizo zilikuja, tena si haba, lakini swara walibaki chini ya kitanda.

Kitu alichokipenda kuliko hata kizibao kilikuwa lenzi yake ya kuvuta, ile ndefu ambayo ukiizungusha aliye mbali anakuja karibu. Ilikuwa imepita mikononi mwa wengine kabla yake, lakini ilijilenga yenyewe. Unabonyeza kitufe nusu, inaguna kidogo, inalia "pii", na hapo unajua uso umeshikwa. Kaloki aliiamini hiyo "pii" kuliko alivyoyaamini macho yake.

Novemba ya mwaka 2007, kampeni zilipopamba moto, alipanda juu ya mkokoteni ili apige picha za mkutano wa siasa. Umati ukasukumana, mkokoteni ukabinuka, Kaloki akaenda chini na kamera yake. Lenzi iligonga ukingo wa chuma. Aliiokota, akaielekeza kwenye jua, akaona kioo hakina hata mkwaruzo. Akabonyeza, ikalia "pii". Akamshukuru Mungu kwa sauti pale pale, na ninaposimulia haya huwa naona kwamba alishukuru mapema mno.

Jirani yake katika ile ploti alikuwa Syombua, mjane kutoka Kitui, mpishi wa muthokoi. Mahindi aliyokoboa na kuyachemsha na maharagwe yaliwalisha makondakta na mafundi wa upande ule wote wa Gatina. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Victor, kijana mrefu mwenye mzaha mwingi, aliyefanya kazi Kibera, upande wa Kisumu Ndogo, katika yadi ya mbao ya mzee Hamdan. Huyu Hamdan alikuwa Mnubi, mzaliwa wa Kibera na mwana wa mzaliwa wa Kibera, na alimwamini Victor hata funguo za yadi akamwachia.

Victor alikuwa amepata mchumba kwao Kitui, msichana aitwaye Kanini, aliyelelewa na nyanya yake. Kabla ya mbuzi wa posa kupelekwa, yule nyanya alisema anataka kwanza kumwona kijana, walau kwa picha, kwa kuwa macho yake bado yanaona. Syombua akaja kwa Kaloki kifua mbele.

"Baba Ndanu, nataka picha ya kuposa. Si hii yako ya kitambulisho, mtu akikaa kama ameshikwa na polisi."

Walipiga mwanzoni mwa Desemba, alasiri, kwenye kivuli cha ukuta wa ploti. Victor alivaa koti la kuazima. Kaloki alisimama mbali, akaivuta lenzi mpaka mwisho na kuifungua ipitishe mwanga wote, kama afanyavyo kwa maharusi, ili nyuma kupotee na uso ubaki peke yake. Syombua hakutulia. Kila Kaloki alipoinua kamera, mama alikuja kupangusa vumbi begani mwa mwanawe.

"Mwaitu, wacha basi," Victor akasema. Mwaitu ndivyo Wakamba wanavyomwita mama. "Nimekuwa mtoi? Utapangusa hadi koti itoboke."

Syombua akacheka, akampangusa mara ya mwisho, akarudi nyuma ya bega lake. Lenzi ikalia "pii", na Kaloki akapiga. Alikuwa na harusi ya kuwahi. Alitazama kile kioo kidogo cha mgongoni mwa kamera, ambacho kila kitu ndani yake huonekana kizuri, akaridhika. Kesho yake alikwenda mtaa wa Kabiro kwa rafiki yake Shiundu, mwenye kompyuta na studio, akaikata picha abaki Victor peke yake, maana kijana anayeposa hapelekwi pamoja na mama yake. Foleni ya watu ilikuwa nyuma yake, hakuikagua.

Picha iliposafishwa, uso wa Victor ulitoka na ukungu, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Kaloki aliuona. Akajiambia ni wino wa mtambo, akajiambia tena ni macho yake yanayozeeka. Mjomba wa Victor alikuwa tayari njiani kwenda Kitui, bahasha ikaondoka naye. Picha ikarudi na jibu kabla ya Krismasi: nyanya ameipeleka picha mlangoni kwenye mwanga, ameigeuza hivi na hivi, akasema, "Huyu kijana hana uso. Leteni nyingine." Ploti nzima ilicheka, na Victor mwenyewe ndiye aliyecheka zaidi. Wakakubaliana picha nyingine ipigwe mwaka mpya, baada ya kura.

Kura zikapigwa. Matokeo yakatangazwa jioni, na moshi ukapanda Kibera kabla watu hawajazima redio. Sitayasimulia yote. Aliyekuwepo anayajua, na asiyekuwepo amtafute aliyekuwepo amuulize kwa adabu. Kawangware nayo ilichafuka, majirani waliokopeshana chumvi wakaanza kuulizana majina ya ukoo. Wakamba waliosimamishwa njiani na kuulizwa wako upande gani walitazama kwanza muulizaji ameshika nini.

Mapema Januari Victor alisikia kwamba moto unakaribia yadi ya mzee Hamdan. Aliaga asubuhi, Syombua akimenya vitunguu mlangoni. Akamwambia asichelewe, naye akasema hatachelewa. Mama akaendelea na vitunguu.

Aliyerudi alikuwa Hamdan. Alikuja kwa miguu kutoka Kibera, mzee wa watu, kofia mkononi, na alipofika mlangoni hakuketi.

"Mama Victor, nilimwambia atoke," alisema. "Wallahi nilimwambia. Akasema, 'Bado mbao kidogo tu, mzee.' Risasi ikampata na mbao begani. Mimi sijui ilitoka wapi. Hata waliopiga hawatasema."

Wakamzika kwao Kitui. Mjuavyo, siku hizi jeneza huongozwa na picha ya marehemu katika fremu, ndugu mmoja anaibeba kifuani, na wote wanaofika humtazama kwanza huyo wa kwenye fremu. Picha ya kubeba haikuwepo. Wakakuza ile ya kitambulisho, Victor wa miaka kumi na minane, hana hata kinyweleo kidevuni, amekodoa macho. Watu walimpita wakiulizana ni nani huyo. Na kaburini yule nyanya wa Kanini, kwa uchungu tu wala si kwa ubaya, alimshika Syombua mikono akalia, "Nilisema, mwanangu. Si nilisema hana uso?"

Syombua alirudi Gatina na maneno hayo. Hakuwasha jiko. Muthokoi mbichi ilibaki guniani ikaingia wadudu, na yeye akakaa kitandani, ile picha yenye ukungu akiwa ameigeuza ukutani. Kila aliyekuja kumpa pole aliambiwa yale yale.

"Niliambiwa. Picha iliniambia, yule nyanya akaniambia, na mimi nikamwachilia aende. Nilikuwa namenya vitunguu."

Walimwambia ni mapenzi ya Mungu, naye akawauliza, kama ni mapenzi ya Mungu, na Mungu alimwonya, basi aliyekataa kusikia ni nani? Akaanza kukonda, na kila siku aliongea kidogo kuliko jana yake.

Hofu nayo inaambukiza. Kathini, mama kijana wa mlango wa pembeni, alifukua picha ya ubatizo wa mwanawe aliyopigwa na Kaloki siku ya Krismasi. Uso wa mtoto ulikuwa umefifia vile vile. Akaja nayo kwa Kaloki, mtoto kamfunga mgongoni kwa leso mbili.

"Baba Ndanu, niambie ukweli, usinifiche. Huyu mtoto wangu ataishi?"

"Kathini, hiyo ni picha tu."

"Ya Victor pia ilikuwa picha tu."

Tangu siku hiyo Kathini hakumtoa mtoto nje ya ploti, hata kwenda bombani. Wengine nao walizitafuta picha zao za Desemba. Waliokuta nyuso safi walimshukuru Mungu kwa sauti ya kusikiwa na wenzao, na waliokuta ukungu walinyamaza. Watu wakaanza kumkwepa Kaloki njiani. Na nikisema yeye mwenyewe hakutikisika nitakuwa namsingizia ushujaa. Kaloki alijua kamera ni chuma na kioo, lakini alipokuwa peke yake alizitazama zile nyuso tena na tena. Aliogopa kumpiga picha mtu yeyote anayempenda.

Barabara ya Naivasha, ile inayopita Kawangware, ilikuwa ya kufungwa na kufunguliwa, harusi hakuna, makanisa nusu matupu. Kazi haikuwepo. Asubuhi moja alichoka kuogopa, akajikaza kisabuni, akaamua kuiuliza kamera yenyewe.

Kwanza alijishuku mkono. Aliiweka kamera juu ya gunia la mchanga, akabonyeza bila kuigusa sana, akapiga neno moja la kalenda iliyokuwa ukutani. Ukungu ule ule. Basi si mkono. Akashuku kwamba kamera inachagua yenyewe pa kulenga, huenda inarukia kitu kingine. Akaifungia ilenge katikati tu. Ukungu. Akaifuta ile midomo ya shaba inayounganisha lenzi na kamera, akaifuta tena. Hakuna kilichobadilika. Alipoirudisha lenzi isivute, picha zikatoka safi, na hapo akaelewa kwa nini za vitambulisho hazikuwa na shida. Tatizo lilikuja lenzi ikivutwa mpaka mwisho, na lilikuwa baya zaidi alipoifungua mwanga wote, yaani vile vile alivyozoea kumpiga mtu anayetaka kumpamba.

Akaenda Kabiro kwa kupenya vichochoro, akaazima lenzi ya Shiundu. Kwenye kamera yake ilitoka safi. Akaiweka yake kwenye kamera ya Shiundu, ukungu ukahamia huko. Mwisho akazima kujilenga, akaizungusha pete kwa vidole mwenyewe, polepole, mpaka neno la kalenda likakaza. Akapiga. Likatoka wazi kabisa. Kwa hiyo kioo kilikuwa kizima. Kilichoharibika ni kule kujilenga. Lenzi ilikuwa inasema "pii" mahali ambapo haijafika.

Au ilikuwa imepita? Hilo hakulijua. Ukuta ni bapa, hauwezi kukuonyesha kama umelenga mbele au nyuma. Alihitaji vitu vilivyosimama kimoja nyuma ya kingine, na vyenye macho, maana jicho ndilo alilofundishwa kulikagua. Akainama chini ya kitanda, akavuta sanduku la baba yake.

Aliwapanga swara juu ya ubao mrefu uani, wakifuatana kwa mshazari, kati ya mmoja na mwenzake nafasi ya nusu mkono. Akalenga jicho la wa tatu. "Pii." Akapiga, akaikuza picha kwenye kioo kidogo mpaka mwisho. Wa tatu alikuwa moshi mtupu. Wa nne alikuwa nusu nusu. Wa tano alikuwa wazi, mpaka alama za patasi ya baba yake zilionekana. Akalenga wa pili, akatoka wa nne. Akalenga wa kwanza, akatoka wa tatu. Kila mara lenzi ilimpita uliyemwonyesha, ikaenda kumshika aliye nyuma yake kwa urefu wa mkono mmoja. Kaloki aliketi chini kwenye vumbi, na kizibao chake, akalia kwa hasira. Alikumbuka mkokoteni. Alikumbuka alivyoshukuru.

Alipomweleza Shiundu, mwenzake hakusita.

"We funga mdomo, buda. Ngoja mji utulie, upeleke kwa fundi airekebishe, story iishe. Ukisema ni lenzi, kila mtu wa Desemba atakuja kwako na picha yake. Kazi imekwisha. Saa hii wanaogopa Mungu, hawakuogopi wewe."

Kaloki alijua Shiundu hakosei. Jina ndilo lililompa kula. Watu wakisema ni ndege mbaya, itapita, watu husahau. Wakisema Kaloki aliwapiga mwezi mzima na kamera mbovu, hakuna atakayesahau. Lakini kila alipopita mlango wa Syombua alisikia ule ukimya wake, na akajua kwamba mle ndani kuna mtu anayehukumiwa kwa kosa la skrubu ya lenzi.

Alimpelekea swara mlangoni. Hakuomba ruhusa. Aliuweka ubao kuanzia kizingiti kuelekea uani, akawapanga, majirani wakaanza kusogea kama kawaida yao. Kathini alikuja na mtoto mgongoni.

"Nini hii, Kaloki?" Syombua aliuliza kutoka kitandani. "Unaniuzia vinyago?"

"Mama Victor, njoo hapa mlangoni kidogo. Nichagulie swara mmoja. Yeyote."

"Sitaki kamera kwangu."

"Sikupigi wewe. Napiga hawa. Chagua tu, nakuomba."

Alikataa. Kaloki akasubiri amesimama. Mwishowe mama alitoka, leso imemlegea kichwani, akanyoosha kidole kwa mmoja bila kumtazama. Kaloki akalenga, kamera ikalia, akapiga, akamkuzia picha. Yule aliyechaguliwa alikuwa ukungu. Syombua alirudi nyuma kama aliyeguswa na moto.

"Chagua mwingine," Kaloki akasema.

Akachagua mwingine, ukungu. Mwingine tena, ukungu. Akamwambia abonyeze kwa mkono wake mwenyewe, na mama akabonyeza, na huyo wake pia akatoka bila uso.

"Mama Victor," Kaloki alisema. "Huyu ni wa mti. Alichongwa na baba yangu. Huyu atakufa lini?"

Akawaeleza yote, mkokoteni, chuma, Desemba. Alisema mbele ya ploti nzima kwamba kamera yake ilikuwa mbovu, kwamba picha ya Victor aliiona ina ukungu akaisingizia mtambo, na kwamba hakuna aliyeonywa kitu.

Mzee mmoja wa kanisa alimsema vibaya, jirani mwingine akamtaka arudishe pesa za picha za harusi yake. Kaloki aliwaacha waseme. Alikuwa akimtazama Syombua, aliyeinama juu ya kioo cha kamera na kuipitia picha ya mwisho kwa kidole, kutoka kwa swara mwenye moshi hadi kwa yule wa nyuma.

"Haikosi kuona," alisema mwishowe. "Inaona huyu wa nyuma."

"Ndiyo. Anayefuata kwa mkono mmoja."

"Sasa siku ile uliielekeza kwa Victor. Ilikuwa inaona nini?"

Kaloki mwenyewe hakuwa amejiuliza. Aliikata ile picha haraka haraka, foleni ikimsukuma, na alichokikata hakukitazama.

Wakaenda Kabiro wote wawili, Syombua akitembea nje kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Shiundu aliitafuta picha nzima ndani ya kompyuta, akaifungua, akaitazama, kisha akasema anakwenda kununua maziwa.

Victor alikuwa mbele, mrefu, uso wake umo ndani ya ukungu. Nyuma ya bega lake alikuwa amesimama mama yake. Huyo alitoka wazi kuliko picha yoyote Kaloki aliyowahi kupiga maishani. Nyuzi za leso zilionekana, mwanya wa meno, unga wa mahindi uliokauka kwenye kiwiko. Mkono wake ulikuwa bado hewani, ndio kwanza umetoka begani mwa mwanawe. Na alikuwa anacheka kwa kinywa chote.

Syombua alivuta kiti mpaka goti likagusa meza. Hakumgusa Victor. Alijigusa mwenyewe, pale kwenye kioo.

"Huyu mama hajui kitu," alisema.

"Hajui," Kaloki akajibu.

"Hakuna mtu amemwambia."

"Hakuna."

"Mwangalie. Mtu akijua hawezi cheka hivi. Anafikiria koti tu. Kaloki, alikuwa anafikiria koti."

Akalia. Kaburini hakuwa amelia, kitandani hakuwa amelia. Alilia pale kwenye studio ya Shiundu, kichwa juu ya meza, mpaka watu wa nje wakasimama. Kaloki alisimama kando yake na hakusema neno, na nadhani ni katika mambo mema aliyoyafanya.

Picha ile ikachapishwa nzima, bila kukatwa. Iko ukutani kwa Syombua mpaka leo, mahali pa ile nyingine. Wageni humwambia ni sikitiko kijana hakutoka vizuri. Yeye huwajibu kwamba lenzi ilikuwa imegongwa, basi, na kuwapakulia chakula.

Wateja wa Kaloki walipungua kama Shiundu alivyosema, wengine hawakurudi kabisa. Fundi wa mjini alikuwa bado amefunga duka, na lenzi iliendelea kusema uongo wake ule ule. Lakini sasa Kaloki alijua kipimo cha uongo huo. Siku Syombua alipowasha jiko tena, yeye ndiye aliyemwita Kathini.

"Lete mtoto hapa. Baba Ndanu atampiga upya."

"Na hiyo lenzi mbovu?" Kathini akamkumbatia mwanawe.

"Ni lenzi, Kathini. Mtoto wako hana kitu. Lete."

Mtoto akawekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, karibu na ukuta ule ule. Kaloki akaeleza kwamba anahitaji kitu cha kulenga mbele ya uso wa mtoto, kwa urefu wa mkono, kisha kitu hicho kiondolewe mara moja. Kathini akatafuta kijiti. Syombua akasema hakuna haja ya kijiti. Akachutama kando ya ndoo, akanyoosha mkono wake mbele ya mtoto, kiganja kikielekea kwenye kamera, kina unga.

"Pii."

"Toa mkono, Mama Victor," Kaloki alisema.

Mkono ulikaa hewani muda kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Kisha Syombua akautoa, na mtoto akatoka wazi mpaka kope. Kathini aliitazama picha, akaitazama tena, akamfunga mwanawe mgongoni kwa leso moja, akachukua mtungi na kwenda bombani naye.